Mshono Usio na Kosa

Kule saiti hakuna aliyemwita kwa jina la kuzaliwa. Alikuwa Mama Chaki, basi, kwa sababu chaki ya njano haikumtoka mkononi. Akikuta mshono wa chuma umekaa vibaya aliuzungushia duara, akaandika "rudia" pembeni, akaenda zake bila kugomba. Mafundi waliliogopa duara lile kuliko matusi ya wasimamizi wote. "Afadhali anitukane," alilalamika mmoja wao. "Tusi nitalisahau nikishakula. Hii chaki yake inanikodolea macho mpaka nikate chuma upya."

Jengo lilikuwa la chuo: madarasa chini, vyumba vya wanafunzi kulala juu, na lote limesimama juu ya nguzo na boriti za chuma. Chuma kikishafunikwa kwa kuta na dari hakuna anayekiona tena, kwa hiyo kabla ya kufunikwa lazima apite mtu asiyelipwa na mkandarasi, atazame. Mishono imeshika mpaka ndani? Bolti zimekazwa? Na ile plasta ya kukinga moto, inayopulizwa kwa bomba juu ya chuma ikaganda kama uji uliokauka, ina unene wa kutosha? Inashika? Maana chuma kitupu kikipata moto hulegea, na jengo likaweza kuporomoka watu bado wako kwenye ngazi. Mtu wa kupita na kutazama alikuwa Mama Chaki, aliyetumwa na ofisi ya ukaguzi iliyoajiriwa na wenye chuo.

Mwenyewe alikuwa fundi wa kuchomelea kwa miaka mingi, kabla magoti hayajaanza kulalamika. Mikono yake ilikuwa na madoa madogo ya cheche, kama mtu aliyerukiwa na mafuta ya kukaangia. Tangu ahamie kwenye ukaguzi hakuwahi kukutwa amekosea, na jambo hilo alilijua, na kusema kweli alilipenda. Hakujisifu nalo hadharani. Ila mtu akimwambia "hebu pima tena, mama," alimtazama kama aliyemtia kidole jichoni.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mume wake, fundi cherehani, alikuwa amepigwa na kiharusi, upande wote wa kulia ukalala. Dada yake mume, mjane asiyejua kunong'ona, alihamia kwao kusaidia kumuuguza. Huyo wifi ndiye aliyeifanya nyumba ile isigeuke kilio kitupu.

"Wifi, leo umewafelisha wangapi?" angeuliza akimpokea mkoba mlangoni.

"Wawili tu."

"Wawili! Roho imeanza kulainika. Kesho utamgawia mtu maksi."

Mume alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, na kicheko hicho cha nusu ndicho Mama Chaki alichokuwa akikisubiri kutwa nzima.

Asubuhi moja alikuwa chini ya nguzo za kona, mashine ya kupimia imening'inia kifuani, simu ikalia. Wifi.

"Usishtuke," alisema wifi, na hapo hapo akashtuka. "Kaka ameteleza bafuni. Kichwa hakikugonga. Jirani ana gari, tunampeleka zahanati akaangaliwe."

"Nakuja."

"Uje ufanye nini? Umbebe mgongoni? Maliza kazi yako, nitakupigia."

Angekwenda. Baadaye alijiambia mara nyingi kwamba angekwenda tu, nguzo zisingekimbia. Lakini kikosi cha zege kilikuwa kimesimama na matoroli, kinangoja yeye aseme ndiyo au hapana, na hakuwa mtu wa kuacha watu wakingoja. Akabaki. Mwili ulibaki, maana akili ilikuwa imepanda gari la jirani.

Mashine ile hupeleka sauti ndani ya chuma, sauti isiyosikika kwa sikio. Ikikutana na ufa au tundu, inagonga na kurudi, na kwenye kioo unachomoka mstari mrefu kama mwiba. Kwa muda ambao sauti imechukua, mashine inakuambia kosa liko kina gani. Ila lazima kwanza uiambie bamba lina unene gani. Siku zote Mama Chaki alilipima bamba kwa mkono wake. Siku ile alichukua unene ulioandikwa kwenye mchoro aliokuwa nao, akauingiza, akaanza kazi.

Mwiba ukachomoka, katikati ya mshono. Akasogea, ukachomoka tena. Nguzo ya pili, vilevile.

Mishono ile ilikuwa kazi ya mtu mwembamba aliyeitwa Fundi Mstari, kwa sababu chuma alichochomelea kilikaa kimenyooka kama kilichopigwa rula. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisimama pembeni akifuta mikono kwa kitambaa, akamwona akitoa chaki.

"Mama," alisema, "hapo ndani ni pasafi."

"Mashine haisemi hivyo."

"Nimepachoma mwenyewe, najua nilivyopachoma. Hebu pima tena."

Simu ilikuwa mfukoni, bado haijalia. "Nimeshapima," akasema, akazungusha duara la kwanza, la pili, na mengine. Nguzo zote za kona zikawa na njano.

Wala yasingekuwa makubwa, kama meneja wa saiti asingetokea wakati ule ule. Kazi ilikuwa imechelewa na wenye chuo walikuwa wamemjia juu, naye alikuwa anatafuta mtu wa kumtwisha mzigo. Aliyatazama yale maduara, akamgeukia fundi mbele ya kikosi kizima cha zege.

"Kumbe ndiwe unayenikwamisha. Unapaka juu panang'aa, ndani uozo! Kofia yako hapa, na nisikuone tena."

Fundi Mstari alimtazama Mama Chaki. Alikuwa anangoja aseme neno, hata neno moja tu, kwamba tusubiri kidogo. Mama Chaki alikuwa anasoma ujumbe ulioingia kwenye simu: *Mzima. Amepakwa dawa tu. Anadai chai.* Alipoinua kichwa, fundi alikuwa ameiweka kofia chini taratibu, kama mtu anayeweka yai, anaelekea getini.

Meneja hakuishia hapo. Alikuwa na mdomo, na wakandarasi wanapigiana simu. Kabla wiki haijaisha kila saiti iliyokuwa na kazi ya chuma ilikuwa imesikia kwamba fundi fulani anayesifiwa kwa mistari anapaka poda juu ya kidonda.

Kurekebisha mishono alipewa Kinoo, bingwa wa grenda, ile mashine ya kusaga chuma, mtu mnene mcheshi ambaye nusu ya maneno yake yalipotelea kwenye kelele za mashine. Kazi yake ilikuwa kuchimba mshono mpaka kosa lionekane, kisha pajazwe upya. Alichimba. Akachimba tena. Mchana akaja kumtafuta Mama Chaki, miwani imejaa vumbi.

"Mama, nimefika karibu na upande wa pili. Sioni kitu."

"Utakuwa umelikata bila kuliona."

"Labda nguzo ya kwanza. Na ya pili je? Njoo uone mwenyewe."

Akaenda. Akapiga magoti, magoti yakalia. Ndani ya lile shimo chuma kilikuwa cheupe, kizima, hakuna tundu wala ufa wala chembe ya takataka. Alipitisha kidole. Akamiminia dawa nyekundu ya kufichua nyufa, akafuta, akasubiri. Hakuna.

Hapo ndipo alipotoa vernia, kile kipimo cha unene, mfukoni na kulipima bamba.

Lilikuwa nene kuliko alivyoiambia mashine. Mchoro ulikuwa umebadilishwa, bamba jipya limeletwa, na yeye alikuwa na mchoro wa zamani. Nyuma ya kila mshono kulikuwa na ukanda wa chuma wa kuegemezea, jambo la kawaida kabisa, na sauti ilikuwa inaugonga ukanda huo na kurudi. Mashine, kwa kudhani bamba ni jembamba, ikahesabu kwamba sauti imekwisha fika chini na iko njiani kupanda, ikauchora ule mwiba katikati ya mshono mzuri. Alipoingiza unene wa kweli na kupima mishono ambayo Kinoo hakuwa ameigusa, mwiba ulihamia nyuma, mahali pake, kwenye ukanda. Mishono yote ilikuwa mizima.

Kinoo alivua miwani. Hakuwa mjinga, alielewa. Alitazama huku na huku.

"Sasa sikiliza, mama. Hizi nimezichimba, nitazijaza, utapima, zitapita. Hizo nyingine futa chaki, sema nimeshazirekebisha. Jengo halina tatizo. Kabla lilikuwa zima, na kesho litakuwa zima."

"Na fundi?"

Kinoo akakuna kichwa. "Fundi ameshaondoka," alisema kwa sauti ndogo, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha wowote.

Mama Chaki alikusudia kusema kesho yake asubuhi. Hiyo si hadithi ya kujitetea. Alilala akiwa amekwisha panga maneno. Lakini asubuhi aliitwa ghorofa ya nne, kwenye ngazi, ambako plasta ya kukinga moto ilikuwa imepulizwa siku chache nyuma. Kuna njia rahisi ya kujua kama inashika: unabandika kifuniko cha chupa kwa gundi, unangoja gundi ikauke, kisha unakivuta kwa mizani ya ndoano. Plasta nzuri inakataa kuachia mpaka mizani ifike mahali fulani. Hii iliachia kabla mizani haijasogea vizuri, ikabanduka kipande kizima kama gamba la mkate, na chuma kilichobaki nyuma yake kilikuwa kinateleza kwa mafuta. Walipulizia bila kusafisha. Akajaribu boriti nyingine, na nyingine. Zote zilibanduka. Akashuka ghorofa ya tatu, ambako wanafunzi wangelala, kwenye kona moja mambo yakawa vilevile.

Meneja alikuja juu. "Kubandua yote hiyo! Unajua unasema nini?"

"Nasema haishiki."

"Kifuniko cha soda ndicho kinakuambia haishiki?"

Ugomvi ukaanza, wa barua na vikao, na kila upande ukang'ang'ania lake. Katikati ya ugomvi huo, Mama Chaki alikwenda kumwona mkuu wa ofisi ya ukaguzi, mzee mpole aliyemfundisha kazi, akamweleza habari ya mishono.

Mkuu alifunga mlango. "Nani anajua?"

"Mimi, na Kinoo."

"Basi ibaki hivyo kwanza. Ukisimama leo ukasema ulikosea kwenye nguzo, yule meneja atasema ulikosea na kwenye plasta. Hiyo ndiyo nafasi anayoitafuta. Mishono haina hatari. Plasta ina hatari. Ngoja plasta ibanduliwe, ndipo tuyaseme ya fundi wako."

Maneno yalikuwa na akili, na hiyo ndiyo shida yake. Angekuwa amemwambia jambo la kipuuzi, angelikataa palepale. Akarudi nyumbani akijiambia kwamba ni siku chache tu. Siku chache zikazaa nyingine. Vikao viliahirishwa. Alikula bila kuhisi ladha. Mume, ambaye ulimi wake ulikuwa mzito lakini macho hayakuwa na kasoro, alimuuliza, "Nini?" na yeye akajibu, "Magoti."

Kisha kiti cha magurudumu cha mume kikavunjika. Fremu ilikatika chini ya kalio, na wifi akakibeba kichwani mwenyewe kukitafutia fundi. Alirudi jioni amefurahi.

"Nimepata mtu huko kwenye karakana ya mageti, nyuma ya kituo cha mafuta. Haongei! Nimemsimulia maisha yangu yote, hajanipa hata 'ee'. Lakini mkono wake, wifi, hebu ona."

Mama Chaki aliinama kuona. Mshono ulikuwa mfupi, mahali pa kificho ambapo hakuna ambaye angeutazama, na ulikuwa umenyooka kama uliopigwa rula, mapigo yamelaliana sawasawa toka mwanzo hadi mwisho. Alibaki ameinama muda mrefu kiasi kwamba wifi alidhani kiuno kimegoma.

"Ni mbaya?" wifi akauliza, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini. "Nimrudishie?"

"Si mbaya," alisema. Akakaa sakafuni palepale, akaanza kulia. Ndipo wakajua, mume na wifi, yote. Wifi alitaka kueleza kwamba lilikuwa kosa la siku ile ya bafuni, kwamba yeye ndiye aliyempigia simu. Mama Chaki akamkatiza. "Usimwambie mtu yeyote hivyo. Simu haikunizuia kupima."

Mume alitafuta maneno kwa taabu, akayatoa moja moja. "Nenda. Kwa. Mtu."

Akaenda. Karakana ilikuwa kibanda cha mabati chenye mageti yaliyoegemezwa ukutani na harufu ya rangi ya kutu. Fundi Mstari alikuwa amechuchumaa anapachika maua ya chuma kwenye geti la mtu tajiri. Kando yake mwanamke alikuwa anapiga msasa fremu ya dirisha. Alikuwa mke wake.

"Fundi," alisema Mama Chaki. Alikuwa amejiandalia salamu ndefu, ikapotea. "Mishono yako ilikuwa mizima. Nilikosea mimi. Niliiambia mashine unene usio wenyewe."

Fundi alizima mashine. Hakusimama.

"Ulijua lini?"

"Kinoo alipochimba."

"Kinoo alichimba wiki ile ile."

"Ndiyo."

"Na leo ni lini?"

Mke aliacha msasa. "Kumbe ndiye wewe," alisema. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Mume wangu ameacha kukaa barazani na wenzake. Akisikia watu wanacheka anadhani wanamcheka yeye. Juzi nimemkuta ameshika kipande cha chuma, anakikata katikati, anatazama ndani. Nikamuuliza unatafuta nini? Ananiambia anatafuta kosa. Ameanza kudhani labda kweli lilikuwepo."

"Nimekuja kuomba radhi, dada."

"Hapa?" Mke alionyesha kibanda kwa mkono. "Alifukuzwa mbele ya saiti nzima. Wewe unaomba radhi mbele ya mageti."

Mama Chaki alieleza habari ya plasta, ya meneja, ya wanafunzi watakaolala chini ya chuma kisichokingwa. Aliyaeleza kwa ufupi, maana kadiri alivyosema ndivyo alivyosikia sauti ya mtu anayejitetea. Fundi Mstari alisikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ya plasta ni ya kwenu," alisema. "Mimi sikupuliza plasta. Mimi nataka palipotoka lile neno ndipo litoke hili." Akawasha mashine, akashusha ngao usoni.

Mama Chaki alimpigia mkuu simu akiwa bado njiani, akamwambia kwamba kesho asubuhi atasema mbele ya saiti nzima. Mkuu akajibu, "Sitaweza kukulinda."

"Sijakuomba."

"Na wale wa ghorofa ya nne? Na ya tatu?"

Mama Chaki alikata simu akasimama kando ya barabara, magari yanampita, na kwa dakika hizo alitamani kweli kuwa mtu mwingine, mwenye kazi nyingine, kushona suruali au kuuza nyanya.

Kila asubuhi kabla ya kazi wafanyakazi walikusanyika chini ya jengo kuambiwa habari za siku na kukumbushwa kufunga mikanda. Meneja alipomaliza, Mama Chaki aliomba nafasi. Alisimama mbele, chaki mfukoni, mikono haina pa kukaa.

"Mishono ya nguzo za kona aliyochomelea Fundi Mstari ilikuwa mizuri. Nilipima vibaya. Kosa ni langu peke yangu, na nimelijua siku nyingi nikanyamaza. Mtu alifukuzwa hapa kwa sababu yangu. Naomba kila aliyesikia lile asikie na hili, na aliyempigia mtu simu, apige tena."

Kinoo alikuwa anatazama viatu vyake. Meneja alibaki ameachama mdomo. Kisha mdomo ukafunga, na kitu kama tabasamu kikapita usoni mwake. Alikwishaanza kupiga hesabu zake.

Mambo yakaenda kama mkuu alivyosema. Mchana ule ule barua ya mkandarasi iliondoka: mkaguzi amekiri mwenyewe hajui kupima, matokeo yake yote yana mashaka, plasta ikiwemo. Kesho yake Mama Chaki aliambiwa asikanyage saiti. Akakabidhi mashine, kofia na fulana ya kung'aa, akatoka kwa geti lile lile. Baadhi ya mafundi walimpungia mkono. Wengine, waliokuwa na maduara yao ya zamani, walipiga mluzi.

Mkaguzi mpya aliletwa, kijana mwenye elimu nzuri na haya nyingi. Mama Chaki aliipata namba yake kwa Kinoo.

"Usiniamini mimi," alimwambia. "Nakuomba hilo tu. Chukua kifuniko, chukua gundi, panda ngazi ya ghorofa ya nne, uvute kwa mkono wako. Halafu ghorofa ya tatu."

"Nimeambiwa niendelee palipobakia, mama."

"Najua ulichoambiwa. Nakuomba uvute."

Kijana alikwenda, akavuta. Plasta ya ngazi ilimbandukia mikononi, na kwa haya zake zote alikataa kuipitisha. Meneja aligomba, akatishia, mwisho ikabanduliwa yote, chuma kikasafishwa, ikapulizwa upya. Mama Chaki aliposikia habari hiyo alilala usingizi wa kweli, usingizi wa usiku mmoja. Asubuhi akauliza habari ya ghorofa ya tatu.

"Dari imeshafungwa," kijana alisema. "Ilifungwa wakati ule hakukuwa na mkaguzi. Wanasema uliipitisha wewe kwa mdomo kabla hujaondoka."

"Mimi?"

"Nimewaambia wafungue nione. Wamekataa. Nimeandika."

Naye Mama Chaki akaandika: kwa wenye chuo, kwa ofisi yake, kwa idara ya majengo. Alijibiwa kwamba barua imepokelewa. Akaandika tena, safari hii hakujibiwa kabisa. Jengo lilifunguliwa, likapigwa picha, wanafunzi wakaingia na magodoro yao. Kila aliposikia king'ora cha gari la zimamoto, hata likielekea upande mwingine kabisa wa mji, aliacha alichokuwa anafanya akasimama wima. Wifi alijaribu kumtania, kwamba zimamoto sasa wamlipe kwa kuwapigia saluti. Hakucheka, na wifi hakurudia.

Ofisi ilimpa kazi ya uwanjani, kukagua boriti kabla hazijapakiwa kwenye malori. Hakupewa tena jengo. Alilikubali hilo bila malalamiko. Kila bamba alilipima kwa mkono, mbele na nyuma, mpaka vibarua wakamwona mzito.

Mwaka wa pili wa chuo, bomba la maji lilipasuka ghorofa ya tatu, dari ikaloa ikashuka. Fundi bomba aliyeitwa alihitaji mtu wa kukata chuma, akamleta Kinoo. Kinoo alipanda ngazi, akaingiza kichwa juu ya dari, akashuka, akatoa simu.

"Mama, niko hapa chuoni kwetu. Plasta imo," alisema. "Inaonekana nzima kabisa. Nimeigusa kwa kidole tu, imenijia na vumbi lake usoni."

"Piga picha. Usiguse kingine."

Picha haziwezi kuambiwa zimepokelewa halafu basi, hasa zikiwa na vitanda vya wanafunzi chini yake. Safari hii mkuu wa ofisi alizipeleka mwenyewe kwa wenye chuo. Wakati wa likizo wanafunzi walihamishwa, dari ikashushwa yote, plasta ikabanduliwa na kupulizwa upya, mkaguzi kijana amesimama hapo na vifuniko vyake. Meneja alikuwa amehamia mji mwingine kwa mkandarasi mwingine, na hakuna aliyemfuata. Mama Chaki aliomba aruhusiwe kuja kuona siku moja tu. Wakamwambia hakuna haja. Ila mwaka mzima na zaidi watu walikuwa wamelala pale, na yeye alikuwa na watoto wa dada yake wa umri huohuo. Hesabu hiyo haikumtoka kichwani hata kazi ilipokwisha vizuri.

Fundi Mstari alirudi kwenye kazi ya chuma kikubwa. Maneno ya asubuhi ile yalisambaa polepole kuliko yale ya kwanza, lakini yalisambaa. Mkandarasi mmoja akamchukua, akampa na kikosi cha kuongoza. Kinoo, ambaye alifanya naye kazi huko, siku moja alimuuliza kama bado ana kinyongo na yule mama.

"Sina kinyongo," alijibu. "Ila mnipangie saiti asiyokagua yeye."

Kinoo alilifikisha neno hilo uwanjani, kwa kusitasita, akitafuta namna ya kulipunguza makali. Mama Chaki alimwambia asilipunguze. Akamshukuru, akachukua vernia yake, akaenda kwenye boriti iliyofuata.